Edith Stein na Watu wa Sala Waliopiga Makofi



Tarehe 9 Agosti Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Teresia Benedikta wa Msalaba, ambaye wengi tunamjua kama Edith Stein. Kwa muda mrefu mimi nilijua mambo mawili tu juu yake: alikuwa Myahudi akawa mtawa Mkarmeli, na aliuawa Auschwitz. Mwaka huu nimesoma maisha yake kwa utulivu zaidi, na kuna sehemu imenichoma. Mwishoni nitawaambia kwa nini.

Edith alizaliwa Breslau, Ujerumani ya wakati ule, tarehe 12 Oktoba 1891. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto 11. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili hivi, mama akabaki kuendesha biashara ya mbao na kulea. Alipokuwa msichana, Edith aliacha kusali, tena kwa uamuzi wake mwenyewe. Akazama kwenye falsafa, akapata shahada ya udaktari mwaka 1916, akawa msaidizi wa Profesa Husserl aliyekuwa na jina kubwa. Halafu kiangazi cha 1921, akiwa nyumbani kwa marafiki, akasoma maisha ya Mtakatifu Teresa wa Avila. Yakamgeuza. Tarehe 1 Januari 1922 akabatizwa.

Akafundisha shule ya Masista Wadominika kule Speyer, na mwaka 1932 akaenda kufundisha Münster. Juma Kuu alipenda kulifanyia Beuron, kwenye abasia ya Wabenediktini.

Sasa basi, Ujerumani ya miaka ile ilikuwa inawaka moto wa kiroho. Kulikuwa na harakati za liturujia, vyama vya wanafunzi Wakatoliki, umoja wa wasomi, na vijana waliotembea milimani wakiimba na kufanya mafungo. Yaani watu kama sisi kabisa. Halafu, tarehe 30 Januari 1933, Hitler akawa Kansela.

Msidhani Kanisa lilikuwa halijui kitu. Kabla ya hapo maaskofu wengi walikuwa wamewakataza waamini kujiunga na chama chake. Lakini tarehe 23 Machi Hitler alihutubia bunge akaahidi kuheshimu haki za makanisa. Maneno matamu. Siku tano baadaye maaskofu wakalegeza makatazo yao. Julai, mkataba kati ya Vatikani na Ujerumani ukasainiwa, na wengi wakapumua wakidhani mambo yameisha salama.

Mwezi huohuo wasomi Wakatoliki walikutana kwenye abasia ya Maria Laach, moyo wa harakati ya liturujia. Abati wake, Ildefons Herwegen, alikuwa mtu wa sala kwelikweli. Aliona utaratibu mpya wa siasa unafanana na kile walichokitafuta kwenye liturujia: watu kuwa mwili mmoja, utii, nidhamu, mwisho wa kila mtu na lwake. Na hakuwa mtu mbaya jamani! Mwaka huohuo alimficha abasiani rafiki yake wa shule, Konrad Adenauer, aliyefukuzwa na Wanazi kwenye umeya wa Köln. Alimwonea huruma aliyeumizwa, lakini kwa muda bado akawa na matumaini na waliomuumiza.

Kwa nini walikosea? Watu walikuwa wamechoka. Takriban milioni 6 hawakuwa na kazi. Waliwaogopa wakomunisti, na Hitler alisema ni adui wa wakomunisti. Alitumia maneno waliyoyapenda wao: jumuiya, sadaka, kuzaliwa upya. Walijiuliza anakubaliana nasi katika nini, na atatulindia nini. Wengi hawakuuliza anawafanyia nini walio nje ya mzunguko wetu.

Edith aliuliza hilo, maana walio nje walikuwa ndugu zake wa damu. Tarehe 1 Aprili 1933 maduka ya Wayahudi yaligomewa nchi nzima. Siku chache baadaye, akisali Saa Takatifu kwa Wakarmeli wa Köln, alitambua kwamba msalaba wa Kristo sasa unawekwa juu ya taifa lake, na akakubali kuubeba. Alitaka kuonana na Papa Pio XI. Iliposhindikana, akamwandikia barua, na Abati Mkuu wa Beuron akaifikisha Roma. Humo alieleza kwamba watu wanaojiita Wakristo wanawatesa Wayahudi, na kwamba Kanisa likinyamaza nalo litaumia. Alijibiwa kwa heshima, akapewa baraka. Kauli aliyoitamani haikutoka wakati ule.

Na kweli ikawa. Mwezi Juni 1934, Erich Klausener, kiongozi wa walei Wakatoliki Berlin, alipigwa risasi ofisini kwake. Vyama vya vijana Wakatoliki vikabanwa, kimoja baada ya kingine vikafungwa. Mwaka 1937 Papa alipotoa waraka wa kuwakemea Wanazi, miaka minne ilikuwa imepita.

Edith mwenyewe alizuiwa kufundisha kwa sababu ni Myahudi. Oktoba 1933 akaingia Karmeli. Hakuwa anakimbia, alijilinganisha na Malkia Esta, aliyetolewa kati ya watu wake ili awaombee. Mwisho wa 1938 akahamishiwa Echt, Uholanzi. Julai 1942 maaskofu wa huko walisomesha makanisani barua ya kupinga Wayahudi kukamatwa. Wanazi wakalipiza kwa kuwakamata Wakatoliki wenye asili ya Kiyahudi. Tarehe 2 Agosti wakamchukua Edith na dada yake Rosa. Tarehe 9 wakauawa Auschwitz.

Sasa mimi. Miaka michache iliyopita, kwenye kongamano letu la vijana, alikuja mgeni rasmi mwenye cheo. Akaanza kwa ishara ya msalaba, akaimba nasi wimbo wa Bikira Maria, akaahidi spika za kwaya. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Simlinganishi na Hitler, hapana. Lakini wiki ileile, kwa amri yake, meza za akina mama wauza mboga zilikuwa zimevunjwa bila taarifa. Mmoja wao ni mama wa jumuiya yetu ndogondogo. Nilijua, na bado nilipiga makofi. Jumapili iliyofuata nilimkuta nje ya kanisa, akaniuliza kwa upole kama zile spika zimefika. Nilikosa la kusema.

Kijana mwenzangu, mtu akija na rozari mkononi, mshukuru Mungu kwa rozari. Halafu nenda kawaulize wanaoonewa kama wanamjua.

Tusali: Ee Bwana, utupe macho ya Edith, tumwone jirani kabla ya kuiona zawadi. Utusamehe makofi yetu. Amina.

Mtakatifu Teresia Benedikta wa Msalaba, utuombee.