Rachel Carson: Mtetezi wa viumbe vya udongoni aliyekabili kampuni za kemikali

MWANABIOLOJIA Rachel Carson alizaliwa Mei 27, 1907, mjini Springdale, jimbo la Pennsylvania, Marekani.

Katika kitabu chake, Silent Spring, kilichochapishwa 1962, alieleza jinsi dawa ya DDT iliyonyunyiziwa miti ilivyoganda majanini. Majani yalipopukutika, nyungunyungu waliyala na kulimbikiza sumu mwilini. Ndege waliowadonoa nyungunyungu hao wakaangamia.

Kampuni za kemikali zilimshambulia vikali, ilhali alikuwa akiugua saratani ya matiti aliyoiweka siri. Hata hivyo, mwaka wa 1963 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti.

Alifariki Aprili 14, 1964, akiwa na umri wa miaka 56. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka wa 1972, miaka minane baada ya kifo chake.