Sista Irene Stefani, Mwenyeheri Aliyepita Pwani Yetu

Sisi wa Rondo tukishuka kwenda Lindi mjini, wachache wetu tunakumbuka kwamba katika pwani ile Mwenyeheri mmoja wa Kanisa aliwauguza wagonjwa. Ni Sista Irene Stefani, Mmisionari wa Consolata.

Stefani ni jina la ukoo la Kiitaliano, nalo limetokana na Mtakatifu Stefano, shemasi na shahidi wa kwanza. Wenye jina hilo ni wengi. Vijana huenda wakamtaja kwanza Gwen Stefani, mwimbaji wa Marekani. Lakini katika Matendo ya Mitume, Stefano na wenzake sita waliwekwa kwa sababu wajane fulani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Waliosahauliwa wakati wa Irene walikuwa wapagazi.

Alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, tarehe 22 Agosti 1891, akafika Mombasa Januari 1915. Vita Kuu ilikuwa imekwisha kuanza. Waingereza walikusanya maelfu kwa maelfu ya Waafrika wabebe mizigo ya jeshi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao. Maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Irene aliwauguza Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Oktoba 1917 watu walikuwa wakiuana Mahiwa, chini ya uwanda wetu huu.

Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba siku moja huko Kilwa alikuta kitanda cha mgonjwa wake kitupu. Aliambiwa amekufa, amepelekwa ufukweni pamoja na maiti wengine. Irene alikwenda, akapekua miili kwa mikono yake hadi akampata, naye alikuwa bado anapumua. Alimbatiza. Kwetu sisi tunaojiandaa kwa ushemasi, hapo jina la ukoo linaacha kuwa jina tu.

Baada ya vita alitumwa Gikondi, Nyeri, akafundisha na kuzunguka vilimani kutembelea wagonjwa. Wakikuyu walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39, kwa tauni aliyoambukizwa alipokuwa akimuuguza mwalimu mmoja.

Alitangazwa Mwenyeheri huko Nyeri tarehe 23 Mei 2015, na aliyeongoza ibada kwa niaba ya Baba Mtakatifu alikuwa Kardinali Polycarp Pengo, Askofu Mkuu wa Dar es Salaam.