Maribel Vinson Owen: bingwa wa barafu aliyewafunza wanawe

Sisi watu wa Pwani barafu tunaijua ya kutia kwenye sharubati, na najua yupo atakayeuliza mimi na mchezo wa kuteleza wapi na wapi. Lakini tangu nisome habari za Maribel Vinson Owen, bibi huyu hajanitoka akilini. Leo niacheni niwasimulie.

Alizaliwa 1911 mjini Winchester, jimbo la Massachusetts, Marekani. Kufikia 1937 alikuwa ametwaa ubingwa wa wanawake wa nchi yake mara 9, na mwaka ambao hakuupata katikati hapo, 1934, hakushindana. Ongeza mara 6 katika mchezo wa wawili wawili. Ng'ambo alikutana na Sonja Henie wa Norway, na hapo ndipo maji yalipozidi unga. Henie alichukua dhahabu ya Olimpiki 1928, 1932 na 1936. Maribel aliambulia shaba moja, ya 1932. Pamoja na hayo yote alihitimu chuo cha Radcliffe, akawa mwanamke wa kwanza kuandika habari za michezo katika gazeti la New York Times.

Aliolewa na Guy Owen, mtelezaji wa Kanada, wakajaaliwa mabinti wawili, Maribel mdogo na Laurence. Ndoa ilivunjika, Guy akafariki 1952, na ukocha ndio uliokuwa mkate wa nyumba. Mama akarudi Winchester kwa mamake mzazi, Gertrude.

Alikuwa mwalimu mkali, mwenye sauti ya kusikika ukumbi mzima. Tenley Albright, aliyeugua polio utotoni, alipita mikononi mwake, na 1956 akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huo. Ile ile aliyoikosa mwalimu wake. Tena kabla ya hapo, miaka ya 1930, msichana mweusi Mabel Fairbanks alikuwa akifungiwa milango ya viwanja vya New York. Maribel alimpa mafunzo bila kutaka hata senti. Kwa Marekani ya wakati ule, hilo si dogo.

Kwa wanawe hakulegeza kamba. Nakiri hapa moyo wangu hugawanyika: mama akiwa ndiye kocha, mtoto atamkimbilia nani akishindwa? Lakini Januari 1961 matunda yalionekana. Laurence, miaka 16, akawa bingwa wa wanawake, na dadake, miaka 20, akashinda mchezo wa wawili pamoja na Dudley Richards. Picha ya Laurence ikapamba jalada la Sports Illustrated la tarehe 13 Februari.

Tarehe 15 Februari ndege ya Sabena iliyokuwa ikiipeleka timu ya Marekani kwenye mashindano ya dunia, Prague, ilianguka karibu na Brussels. Watu 72 waliokuwamo walikufa wote, mama na mabinti zake wawili wakiwamo, na chini shambani akafa mkulima mmoja. Mashindano yakafutwa. Gertrude akabaki bila mwana wala wajukuu.

Mwanafunzi wake mmoja, Frank Carroll, naye akawa kocha, akamlea Michelle Kwan, na 2010 akamfikisha Evan Lysacek kwenye dhahabu ya Olimpiki. Na pale Winchester iko shule ya msingi inayoitwa Vinson-Owen.