IMAM GHAZALI: AKILI NA MOYO

Bismillahi Rahmani Rahim.

Imam Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa Tus, nchi ya Uajemi, mwaka 1058. Mwaka 1091 aliwekwa kuwa mwalimu wa madrasa kubwa ya Nidhamiyya, Baghdad. Alipenda hakika. Jicho, alifundisha, huiona nyota ndogo kama sarafu, kumbe hesabu zaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Na wale waliokataa hesabu za kupatwa kwa jua kwa jina la dini, aliwaonya kwamba wanaidhuru dini yenyewe.

Lakini akili peke yake haikumtosha. Mwaka 1095 ulimi wake ulifungika, chakula kikakataa kushuka, matabibu wakakosa dawa. Alitambua kwamba alikuwa akifundisha kwa kutafuta sifa. Akaacha cheo, akagawa mali, akawabakishia watoto riziki yao, akaenda Sham, Kudsi na Makka.

Katika Ihya aliufananisha moyo na bwawa. Maji huingia kwa mifereji ya nje, ndiyo macho, masikio na fahamu nyingine. Lakini ukichimba chini, maji safi huchipuka humo humo. Hata hivyo hakuacha sala wala elimu. Alirudi kufundisha, akafariki Tus mwaka 1111.

Ndugu zangu, kati yetu yupo anayehesabu kila kitu, na moyo umekauka. Yupo pia anayefuata ndoto tu, mtoto akiugua hataki kumpeleka kwa daktari. Wote wawili wamepungukiwa. Tusome, na tuchimbe.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa na moyo ulio hai. Amin.