Mwalimu Nyerere na Jukwaa la Shule

Njia ya kutoka Ujiji kwenda pwani ni ya kale. Misafara ya karne ya 19 iliifuata hadi Tabora, kisha Bagamoyo, kisha ikavuka bahari kwenda Unguja. Tangu 1914 reli ya kati imeunganisha Kigoma na Dar es Salaam kwa kufuata takriban njia hiyo hiyo. Kijana wa mwambao wa Ziwa Tanganyika anayetaka kuwa mwalimu wa sanaa za maonyesho naye hana budi kuishika, maana vyuo vinavyojulikana zaidi kwa fani hiyo viko mbali na ziwa. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa leo tumkumbuke marehemu Julius Kambarage Nyerere, si kama Rais, bali kama mwalimu aliyeipenda tamthilia.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Mwaka 1937 aliingia Shule ya Serikali ya Tabora, na mwaka 1943 akaenda Makerere kusomea ualimu. Alirudi Tabora kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, kisha akaenda Edinburgh mwaka 1949, akapata shahada yake mwaka 1952. Aliporejea alifundisha Pugu, hadi siasa ilipomlazimu kuiacha kazi hiyo mwaka 1955. Darasa aliliacha, lakini jina la Mwalimu halikumwacha mpaka alipofariki dunia London tarehe 14 Oktoba, 1999.

Mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Walikuwapo wakati ule watu waliodhani kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya amri tu. Hakubishana nao kwa hotuba. Aliwawekea kitabu mezani. Wala hakuridhika na kazi yake ya kwanza. Aliipitia upya, ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Mkuu wa nchi anayesahihisha daftari lake mwenyewe mbele ya watu ni funzo kubwa kwa kila mwalimu.

Ndugu zetu wa visiwani wana sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja. Nyerere, ambaye lugha ya mama yake ilikuwa Kizanaki, alijifunza Kiswahili shuleni, akakimudu kiasi cha kumbebesha Shakespeare. Mtoto wa Kasulu anayezungumza Kiha nyumbani yumo katika hali ile ile. Hakuna somo linalomfungua ulimi upesi kama kusimama mbele ya wenzake na kusema maneno ya mtu mwingine kana kwamba ni yake.

Katika enzi yake njia za kumwandaa mwalimu wa fani hii zilifunguliwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho mwaka 1967, na miaka miwili baadaye Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho mwaka 2007 kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni.

Hata hivyo, haki yatudai tuseme na upungufu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera na michezo ya shule mara nyingi ilitumika kusifu siasa na kuwapokea wageni. Mazoea hayo hayajafa. Bado ziko shule ambako sanaa huitwa siku ya mgeni rasmi tu, na kesho yake husahauliwa. Kikundi cha namna hiyo hakihitaji mwalimu; kinahitaji msimamizi wa mistari.

Kwa maoni yetu, viongozi wanaohusika na elimu wanapaswa kutenda mambo matatu. Kwanza, kijana mwenye kipawa aelezwe mapema kwamba kipawa peke yake hakitoshi: lazima afaulu masomo yake, asome sanaa chuoni, na asomee ualimu wenyewe. Pili, mwalimu aliyehitimu fani hiyo apangiwe kuifundisha, asiishie kujaza pengo la somo jingine. Tatu, shule za mwambao na za visiwani zisiwe za mwisho kukumbukwa.

Nyerere alipita Tabora mara mbili, kwanza mwanafunzi, kisha mwalimu. Tunataka vijana wa Ujiji waendao pwani kujifunza nao wawe na darasa la kurudia.