Freddie Mercury: mtoto wa Unguja aliyepata okestra yake baada ya kufa

Leo libeneke linaanzia huku kwetu Songo Songo, Kilwa. Najua wengi mkisikia neno okestra mnawaza wazungu wenye suti nyeusi, mnahamia ukurasa mwingine fasta. Tulieni kidogo, hii inatuhusu sisi wa visiwani.

Jamaa alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wakamwita Farrokh Bulsara. Familia yao ni Waparsi wenye asili ya India, na mzee Bomi alikuwa mtunza fedha wa serikali ya Kiingereza. Dogo alipofika miaka kama 8 akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Huko mkuu wa shule akaona kipaji, akawashauri wazazi wamlipie masomo ya piano. Akafika daraja la nne, na akiwa na miaka 12 tu anapiga piano kwenye bendi ya wanafunzi, The Hectics.

Akarudi Zanzibar, halafu 1964 yakatokea Mapinduzi. Familia ikakimbilia Uingereza na kuanza maisha upya. Akasomea michoro chuoni, na 1970 akaunda Queen na akina Brian May na Roger Taylor. Wimbo wake Bohemian Rhapsody wa 1975 ulikaa namba moja Uingereza wiki 9. Piano ya Yamaha aliyoutungia ilipigwa mnada London 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Piano moja tu, wadau!

Sasa utamu wenyewe. Freddie alikuwa anamzimia sana mwimbaji wa opera wa Hispania, mama Montserrat Caballé. Wakakutana 1987, na 1988 wakatoa albamu ya Barcelona, akishirikiana na mpiga kinanda Mike Moran. Sauti mbili za hatari, ila nyuma yao sehemu kubwa ilikuwa vinanda vya umeme, siyo okestra kamili.

Wakati huo jamaa alishajua ana virusi vya UKIMWI. Akakaa kimya, akaendelea kurekodi. Tarehe 23 Novemba 1991 ndipo akautangazia umma, na kesho yake akafariki, miaka 45. Olimpiki ya Barcelona ya 1992 ikaja yeye hayupo.

Mwaka 2012 albamu ikatoka upya. Stuart Morley aliandika upya muziki wote kwa ajili ya okestra, wanamuziki wapatao 80 wa Prague wakapiga, na sauti zikabaki zilezile za mwanzo. Vaa hedifoni, sikiliza ya zamani kwanza, kisha hii. Ni kama kuona nyumba ya makuti imejengwa ghorofa, lakini mwenye nyumba ni yuleyule.

Mimi kinachoniuma ni viwili. Kwanza ule ukimya. Enzi zile dawa za maana hazikuwepo. Leo za kufubaza virusi zipo, bure, watu wanazeeka nazo, ila mitaani kwetu bado kuna mtu anaona bora afe kuliko kuonekana kwenye foleni ya dawa. Jamani, tuache.

Pili, nyumbani kwao. Mwaka 2006 sherehe ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe ilipangwa Zanzibar, ikapingwa na watu wa dini, ikafutwa. Mwaka 2019 ndipo makumbusho yake yakafunguliwa pale Shangani, Mji Mkongwe. Unaweza usiyapende maisha yake, ni haki yako. Lakini alikozaliwa huwezi kupafuta.

Gesi ya Songo Songo inaenda Dar kwa bomba tangu 2004, na kila mtu anajua inatoka wapi. Kwa nini mtoto wa kisiwani akitoka tunasubiri wageni watuambie ni wetu?

Haya, jamvi ni lenu. Freddie ni wetu au siyo wetu? Mwageni maoni hapo chini, bila matusi. Nawakilisha!