Fanny Jackson Coppin: Mwalimu wa Walimu katika Jiji la Philadelphia

Miongoni mwa walimu ambao yawapasa wanachuo kuwafahamu ni Fanny Jackson Coppin. Alizaliwa utumwani mjini Washington, Marekani, mwaka 1837. Dada ya mama yake, ambaye ujira wake ulikuwa dola sita kwa mwezi, alidunduliza hata akamkomboa kwa dola 125. Binti huyo akawa mtumishi wa nyumbani huko Newport, na kwa mshahara wake mdogo akamlipa mwalimu amfundishe saa moja moja, mara tatu kwa juma. Mwaka 1865 alihitimu katika Chuo cha Oberlin, ambako jioni aliwasomesha watu waliotoka utumwani.

Mwaka huohuo alikwenda Philadelphia kufundisha katika Taasisi ya Vijana Weusi. Bodi yake ilikuwa ya Wakristo weupe wa madhehebu ya Marafiki, lakini darasani walimu wote walikuwa weusi. Mwaka 1869 akawa mkuu wa shule.

Hapa ndipo penye mambo yanayotuhusu. Aliondoa adhabu ya viboko. Tena alianzisha mafunzo ya ualimu, ambamo mwanachuo aliwafundisha watoto wenyewe huku akiangaliwa na kusahihishwa. Maana kulijua somo ni jambo moja, na kumfikishia mtoto ni jambo jingine. Wahitimu wake wengi wakawa walimu wa watoto weusi jijini.

Hata hivyo, vijana weusi walifungiwa milango ya kazi za ufundi. Bodi iliposita kutoa fedha, Coppin alizunguka akihutubia watu, nao wakachanga, wengi wao wakiwa maskini. Idara ya ufundi ilifunguliwa mwaka 1889: uashi, useremala, uchapaji, ushonaji wa viatu na wa nguo. Waombaji walizidi nafasi kwa mamia. Kilatini na hesabu havikuondolewa.

Mwaka 1902 alistaafu, akaenda Cape Town pamoja na mumewe, Askofu Levi Coppin. Alifariki mwaka 1913, na mwaka huohuo kitabu chake cha kumbukumbu na mashauri ya ufundishaji kikachapishwa.

Alipokwisha ondoka, bodi iliihamishia shule shambani Cheyney, nje ya jiji, ikashikilia kazi za mikono na kuyaweka nyuma masomo ya juu aliyoyatetea. Kwa maoni yetu, hiyo ilikuwa dhuluma. Wazazi walikuwa wamechanga ili watoto wao wapate vyote viwili, wala katika bodi hiyo hawakuwa na kura.